Mwako wa Jumla

Katika baadhi ya madarasa ya sayansi ya moto nchini Marekani, nyumba huchomwa makusudi. Nyumba yenyewe ni kisanduku cha mbao chenye vyumba viwili vitatu na vijimlango vya kufunga na kufungua. Wazimamoto hukiita nyumba ya mwanasesere. Wanafunzi hupitisha nyaya za kupimia joto, moja karibu na dari na nyingine karibu na sakafu, kisha huwasha kona moja.

Mwanzoni hakuna la ajabu. Moshi hupanda, hutanda darini, halafu utando wake hushuka kidogo kidogo. Kipimo cha juu hukimbia. Cha chini bado kinajikokota. Katika chumba halisi, utando huo ukikaribia nyuzi 600 za Selisiasi, hushusha mnururisho mkali. Sakafu ikipokea takriban kilowati 20 kwa kila mita ya mraba, yaani kama mara 20 ya jua la adhuhuri, vitu ambavyo mwali haujavigusa huanza kutoa gesi zinazowaka. Ndani ya sekunde chache, kila kilicho wazi kimeshika moto.

Tukio hilo kwa Kiingereza ni flashova. Neno la kwanza la Kiswahili kumjia mtu ni "mlipuko", lakini halifai: habari husema moto "umelipuka" hata ulipoanza tu. Isitoshe, mlipuko hasa ni tabia ya bakidrafti, pale hewa inapoingia ghafla kwenye chumba chenye gesi moto kilichoishiwa oksijeni.

"Mwako wa ghafla" unakaribia, ila jaribio la kisanduku linaupinga. Grafu ya kipimo cha juu huwa imeshatoa onyo kabla. Kinachotofautisha tukio hili ni kwamba chumba kizima kinawaka kwa pamoja, ndiyo maana "mwako wa jumla" unafaa zaidi. Mwako, wanafunzi wa kemia wanaujua tayari.

Onyo hilo lina muda mfupi. Februari 20, 2003, katika klabu ya The Station, West Warwick, Rhode Island, fataki ziliwasha sponji ya poliurethani iliyobandikwa ukutani; watu 100 walikufa. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilijenga upya sehemu ya ukumbi huo na kuichoma. Katika sekunde 90 hivi, hali ilikuwa haivumiliki tena. Jaribio liliporudiwa kukiwa na vinyunyizi vya maji darini, hali ilibaki ya kuvumilika.