Mnada wa magari ya nguvu ya Marekani

Mnada wa magari ya nguvu ya Marekani ni soko la hadhara la magari ya milango 2 yenye injini kubwa za V8, yaliyoundwa hasa kati ya 1964, Pontiac ilipotoa GTO, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, bima ghali na sheria za kupunguza moshi zilipoyaondoa sokoni. Minada mashuhuri hufanyika kila Januari: Barrett-Jackson huko Scottsdale, Arizona, na Mecum huko Kissimmee, Florida.

Bei hutegemea uhalisia kuliko mng'aro. Rangi mpya huficha mengi. Mnunuzi makini huinama kusoma namba ya chasisi na kuilinganisha na ile iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Kwa Plymouth 'Cuda ya 1970 au 1971, alama ya tano ya namba hiyo ikiwa herufi R, gari lilitoka kiwandani na injini ya Hemi ya lita 7. Ikiwa nyingine, Hemi iliyomo ilipachikwa baadaye, na thamani hushuka sana.

Magari mengi huwekewa bei ya chini ya siri; isipofikiwa, hayauzwi. Ford Mustang ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt haikuwa na kinga hiyo ilipouzwa Kissimmee mwaka 2020. Zabuni zilianzia dola 3,500 na, pamoja na ada, zikafika milioni 3.74, ingawa gari halikuwa limekarabatiwa wala kupakwa rangi upya. Ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 10, hulipwa juu ya bei ya ushindi.