Jina la Chombo kwa Dhahabu

Watu wakisikia neno jubilei hukumbuka dhahabu. Miaka hamsini ikitimia, majina ya waliotangulia hutafutwa na kuandikwa vizuri, na wengi husema kwamba yafaa yaandikwe kwa dhahabu. Basi katika kitabu hiki cha ukumbusho tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu, habari ya kazi moja ya kale, yaani kazi ya kutia dhahabu vyomboni na kuandika kwayo jina la merikebu. Ni kazi ya mikono, lakini ndani yake mna habari za wafalme, za kodi, na za sheria. Tena yatufundisha kupambanua dhahabu ya majivuno na dhahabu ya ukweli.

Sisi watu wa pwani hatustaajabu kwamba mtu hupamba chombo chake. Wazee waliounda mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, walivichora macho katika omo. Kwa hiyo twafahamu kwamba chombo si mbao tu. Chombo kina uso. Huko Ulaya wafalme na matajiri waliupamba uso huo kwa dhahabu.

Mji wa Venezia, katika nchi ya Italia, ulikuwa na chombo cha fahari kilichoitwa Bucintoro. Kila mwaka, siku ya Kupaa kwa Bwana, mtawala wa mji alipanda chombo hicho, akatoka baharini, akatupa pete majini, kuwa ishara ya kwamba Venezia imeoa bahari. Bucintoro la mwisho lilishushwa majini mwaka 1729, nalo lilifunikwa kwa nakshi zilizotiwa dhahabu. Lakini mwaka 1797 enzi ya Venezia ilikoma mbele ya majeshi ya Napoleon; na mwezi wa Januari 1798 askari wa Kifaransa walizichoma moto nakshi zile, wapate dhahabu iliyokuwa juu yake. Mapambo ya miaka mingi yakawa majivu kwa siku chache.

Habari ya Uingereza ni nzito kuliko hiyo. Mfalme Charles wa Kwanza alitaka merikebu ya vita ambayo haijapata kuonekana mfano wake. Iliundwa Woolwich na Peter Pett, chini ya uangalizi wa baba yake, Phineas Pett. Ikashushwa majini mwaka 1637, ikaitwa Sovereign of the Seas, maana yake Mwenye Enzi wa Bahari. Ilichukua mizinga 102 ya shaba. Katika omo palikuwa na sanamu ya Mfalme Edgar wa kale, amepanda farasi, akiwakanyaga wafalme saba. Tezi yote iling'aa dhahabu juu ya rangi nyeusi. Gharama ya merikebu hiyo ilikuwa pauni 65,586, na katika hizo pauni 6,691 zilikuwa za nakshi na dhahabu. Yaani zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Je, fedha hizo zilitoka wapi? Tangu mwaka 1634 Mfalme alitoza kodi iliyoitwa fedha ya merikebu, pasipo idhini ya Bunge. Zamani kodi hiyo ilikuwa ya miji ya pwani wakati wa hatari. Lakini mwaka 1635 aliitoza hata kwa watu wa bara, ambao hawakuona bahari. Mtu mmoja, jina lake John Hampden, alikataa kulipa shilingi 20. Hakuwa maskini wa kushindwa na shilingi hizo. Alikataa kwa kuwa aliona kwamba mtu akitozwa shilingi moja bila ridhaa, hana tena kilicho chake. Mahakimu 12 wakaihukumu daawa hiyo. 7 wakawa upande wa Mfalme, na 5 upande wa Hampden. Mfalme alishinda barazani, lakini alishindwa katika mioyo ya watu. Mwaka 1641 Bunge likaitangaza kodi ile kuwa si halali. Mwaka 1642 vita vikawaka kati ya Mfalme na Bunge. Na mwaka 1649 Mfalme Charles alikatwa kichwa. Hatusemi kwamba dhahabu ya merikebu ndiyo iliyomwua, maana sababu za vita vile zilikuwa nyingi. Lakini kodi ile ilikuwa moja katika sababu zenyewe, na merikebu ile iliyong'aa ilionekana na wote.

Merikebu yenyewe iliishi kuliko bwana wake. Ilipigana na Waholanzi mara nyingi, kisha mwishoni mwa karne ya 17 iliungua huko Chatham; yasemekana kwamba moto ulitokana na mshumaa mmoja ulioachwa ukiwaka. Hata mwaka 1703 wakuu wa manowari za Kiingereza wakaamuru nakshi za merikebu zipunguzwe, kwa ajili ya gharama. Tangu hapo dhahabu ikapungua katika vyombo vya vita, na mahali pengi rangi ya manjano ikashika nafasi yake. Lakini dhahabu haikutoka vyomboni kabisa. Palibaki mahali padogo ilipostahili kukaa, napo ni penye jina.

Jina la chombo si pambo tu. Sheria ya vyombo vya biashara ya Uingereza, ya mwaka 1894, iliagiza kwamba merikebu iliyoandikishwa iwe na jina lake pande zote mbili za omo, na katika tezi jina lake pamoja na jina la bandari yake. Herufi ziwe nyeupe au manjano juu ya rangi nyeusi, au nyeusi juu ya rangi nyeupe; na urefu wake usipungue inchi 4. Mwenye chombo au nahodha aliyeliacha jina lifutike, au aliyelificha, aliweza kutozwa faini hata pauni 100. Ruhusa ya kulificha ilikuwa moja tu, yaani kumkimbia adui asiteke chombo.

Kwa nini wakali hivyo kwa ajili ya herufi? Kwa sababu chombo kisicho na jina hakiwezi kushtakiwa. Baharia aliyenyimwa mshahara wake, na mjane wa mtu aliyezama, watauliza nini kama hawajui jina la chombo? Katika miaka ya 1870 mbunge Samuel Plimsoll aliwapigania mabaharia, maana palikuwa na matajiri waliozijaza merikebu mbovu mizigo kupita kiasi, nao wamezikatia bima, hata zikizama wao hawapati hasara. Mwaka 1876 sheria ikaagiza alama itiwe ubavuni, kuonyesha mwisho wa kupakia. Lakini mwenye merikebu aliachiwa kuchagua mwenyewe mahali pa alama hiyo! Hata mwaka 1890 ndipo sheria ilipoondoa hiari hiyo, na mahali pake pakapimwa na wenye mamlaka. Basi twaona kwamba alama isiyo na ukweli ni rangi tu.

Sasa tueleze jinsi fundi anavyoandika jina kwa dhahabu. Kwanza dhahabu hufuliwa kwa nyundo katikati ya ngozi nyembamba zilizotengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe, hata inakuwa karatasi nyembamba mno. Karatasi 10,000 za dhahabu zikipangwa pamoja, unene wake ni kama milimita 1. Huuzwa katika vitabu vidogo, kila kitabu karatasi 25. Dhahabu safi huhesabiwa sehemu 24. Kwa kazi ya nje mafundi hupenda ile yenye sehemu 23 au zaidi, maana fedha na shaba zilizochanganywa ndizo zinazofifia. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, wala chumvi ya bahari haiibadilishi. Kuna na karatasi za uongo, za shaba na zinki. Siku ya kwanza huwezi kuzitambua kwa macho. Lakini hewa ya bahari ikizigusa, hazikawii kuwa nyeusi au kijani.

Fundi huusugua ubao kwa msasa, huupaka rangi, na kungoja mpaka rangi ikauke kabisa. Kisha huupangusa kwa unga wa chaki, dhahabu isije ikanata pasipotakiwa. Jina huchorwa kwanza katika karatasi, na mistari yake hutobolewa kwa sindano. Karatasi huwekwa ubaoni, na unga hupigwa juu yake upite katika matundu. Ninyi walimu mnaoandika ubaoni kila siku mtaifahamu taabu yake: nafasi kati ya herufi hazipimwi kwa rula, bali kwa jicho. Herufi O haina budi kupita mstari kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana ndogo kuliko wenzake.

Baadaye hupaka herufi kwa gundi ya mafuta ya kitani, kisha hungoja. Hapa ndipo penye siri ya kazi. Akiweka dhahabu mapema, huzama katika gundi na kupoteza mng'ao, akichelewa, haishiki. Hujaribu kwa kifundo cha kidole: gundi ikivuta kidole bila kukichafua, saa imefika. Gundi nyingine hutaka saa chache, nyingine hutaka usiku mzima, wala hakuna haraka inayoweza kuisaidia. Upepo ndio adui mkubwa, maana karatasi hiyo huruka kwa pumzi ya mtu; kwa hiyo nje hutumiwa dhahabu iliyobandikwa juu ya karatasi laini. Kisha fundi huisugua polepole kwa pamba, mabaki huanguka, na jina hutokea. Mwisho huzungushia herufi mstari mwembamba wa rangi nyeusi au nyekundu, zipate kusomwa kwa mbali.

Tumejaribu kupiga hesabu. Jina la herufi 10, kila moja ya inchi 4, halitumii hata gramu moja ya dhahabu. Ni chini ya pete ya arusi. Mfalme Charles alitumia maelfu ya pauni kuandika enzi yake katika tezi, na enzi hiyo ilikwisha kabla merikebu haijaoza. Bali jina dogo lililoandikwa kwa kipimo cha sheria lilimwezesha baharia maskini kujua ni nani wa kumdai haki yake.

Basi, wasomaji wetu, katika mwaka huu wa jubilei, tukitaka kuyaandika majina kwa dhahabu, tusianze na dhahabu. Tuusugue ubao kwanza. Tuulize kama kazi iliyofanywa ni ya kweli, na kama fedha zilizotumika zilitolewa kwa ridhaa. Kisha tuandike polepole, tukiwa tayari kuulizwa habari za jina hilo na mtu awaye yote atakayelisoma.