Kwa nini siki ilipanda mlimani kabla ya darubini

Kwa miaka mingi, mwanamke wa Magamba aliyekutwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokomaa aliambiwa ashuke milima yote ya Usambara hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapate mionzi. Wengi walifika wamechelewa. Na ugonjwa wenyewe hauna haraka: kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, virusi vya HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Muda wa kuuwahi upo. Kinachogomba ni kipimo.

Kipimo kilichotawala karne iliyopita ni cha Pap, kilichobeba jina la George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyehamia Marekani. Alitangaza wazo lake mwaka 1928, akapuuzwa, hadi yeye na Herbert Traut walipochapisha utafiti wao mwaka 1941. Seli hukwanguliwa, hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huzisoma kwa darubini. Kipimo kimoja hukosea mara nyingi. Nguvu yake iko katika kurudiwa. Uingereza yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1988 kuwa na mpango wa taifa wa kuwaita wanawake na kuwaita tena. Sasa fikiria mama anayelima kabichi juu ya Lushoto: majibu yanasomwa mbali, yanarudi baada ya wiki kadhaa, naye hana nauli ya kuyafuata. Hata kama kioo kilisomwa sawasawa, kwake kipimo hicho hakikufanya kazi.

Ndipo siki ikapata nafasi. Muuguzi hupaka asidi hafifu ya siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Wapo walioiita dawa ya maskini, na nadhani waliionea: Hans Hinselmann wa Ujerumani, aliyebuni kifaa cha kukuza mlango wa kizazi mwaka 1925, aliitumia siki hiyohiyo.

Jaribio lililobadili mawazo lilifanyika Zimbabwe, likachapishwa mwaka 1999. Wakunga wa zahanati walipima kwa siki, na wanawake haohao wakapimwa kwa Pap. Kati ya kila wanawake 100 wenye mabadiliko ya hatari, siki iliwanasa takribani 77, Pap ikawanasa 44 tu. Lakini kati ya kila 100 wasio nayo, siki iliwatia hofu ya bure takribani 36, Pap 9. Hofu hiyo si jambo dogo kwa mwanamke anayerudi nyumbani kwa mume na wakwe. Hata hivyo, siki ilikuwa na fadhila moja kubwa: majibu hupatikana papo hapo, na anayestahili tiba mgando, yaani kugandishwa kwa sehemu iliyobadilika, anaweza kutibiwa kabla hajaondoka.

Tanzania nayo ilijipima. Twalib Ngoma wa Ocean Road na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo ya zaidi ya wanawake 10,000 wa Dar es Salaam waliopimwa kwa siki na kwa iodini. Siki imesambaa tangu hapo, ila ubora wake hutegemea jicho la muuguzi, mafunzo yake na taa aliyonayo. Baada ya miaka 50 hivi, eneo la kuangaliwa hujificha ndani na siki hupotosha.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kutanguliza kipimo cha vinasaba vya HPV, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, na mashine ya GeneXpert, inayotumika kupima kifua kikuu, inaweza kuisoma. Naunga mkono hatua hiyo, kwa sharti moja. Maambukizi mengi ya HPV huisha yenyewe, kwa hiyo jibu la kuwa na kirusi si jibu la kuwa na saratani. Aambiwe hivyo waziwazi, na atakayemkagua na kumtibu awe karibu, si Tanga wala Moshi.

Chanjo ya HPV ilianza Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Wa kwanza wao watafika miaka 30 mwaka 2034. Mama zao hawakuchanjwa, na mwaka 2020 pekee saratani hii ilikadiriwa kuua Watanzania zaidi ya 6,500.