Mfalme chini ya Sheria

Seminaristi na makatekista hutuuliza mara nyingi: mkristu ampinge namna gani mtawala mbaya? Tuwasikilize kwanza wazee wa zamani.

Wagreki walikuwa na neno «despotes», maana yake bwana wa nyumba mwenye watumwa. Mfalme aliyetawala watu kana kwamba ni mali yake walimwita kwa jina hilo hilo. Aristoteles alifundisha kwamba watu wa Asia huvumilia utawala kama huo, kwa sababu wana tabia ya utumwa; lakini kwa Mgreki ni haya. Harmodios na Aristogeiton walimwua Hipparchos, ndugu wa mtawala wa Atene, mwaka wa 514 mbele ya Kristu, na mji uliwasimamishia sanamu. Lakini katika mji ule ule watumwa walikuwa wengi, wala hakuna aliyewasimamishia kitu. Uhuru ulikuwa wa raia tu.

Wayuda walianzia mahali pengine. Wao wenyewe walikuwa watumwa wa Farao. Walipoomba mfalme, Samweli aliwaonya kwamba atawatwalia wana wao na mashamba yao. Tena kitabu cha Deuteronomi, sura ya 17, kinaamuru mfalme awe na nakala ya Sheria na kuisoma siku zote, asije akajiinua juu ya ndugu zake. Basi mfalme naye ana Bwana. Ndiyo sababu Natani aliweza kumhukumu Daudi, na Eliya kumkabili Akabu juu ya shamba la Naboti, pasipo silaha mkononi.

Mwaka wa 167 mbele ya Kristu, Antioko Epifane alipokataza Sheria, Matatia alishika upanga. Mzee Eleazari alikubali kufa kuliko kula nyama iliyokatazwa. Njia zote mbili zimo katika Biblia. Lakini tuangalie mwisho wake: ukoo wa Matatia ulipata ufalme, na Josephus anasimulia kwamba Alexander Jannaeus, wa ukoo huo, aliwasulubisha Wayuda 800. Upanga ulimfukuza bwana mmoja, ukazaa mwingine.

Sisi wa Kivu tumeona mambo hayo kwa macho. Wangapi walikuja kutukomboa, wakageuka mabwana! Mbele yao walisimama Maaskofu wakuu wetu wawili. Mgr Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Ibanda, pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa unatekwa. Mgr Emmanuel Kataliko, kwa ajili ya barua yake ya Noeli ya 1999, alihamishwa kwa nguvu na wakubwa wa RCD hata Butembo, Februari 2000. Alirudi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba.

Hawakuwa na jeshi. Walisema tu kwamba mkubwa naye yuko chini ya Sheria ya Mungu, na maneno hayo yaliwatosha watawala kuogopa. Ndugu zetu mapadri, kazi hiyo ya Natani haijaisha, na tumeipokea siku ya kuwekewa mikono.