Mnunuzi wa nyumba asipouliza kuhusu kodi, hurithi madeni ya muuzaji

MTU anayetafuta nyumba ya kununua hukagua paa, hufungua mifereji kuona kama maji yanatoka, hupita mtaani usiku kutazama kama taa zinawaka, na huwahoji majirani kuhusu usalama. Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingewaepusha na hasara kubwa kuliko ya paa linalovuja: je, ardhi hii inadaiwa nini, na nani anayeidai?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya kanuni moja ambayo wauzaji wengi hawaitangazi. Kodi za ardhi huiandama ardhi yenyewe wala si mtu. Akaunti ya kaunti hufunguliwa kwa nambari ya kiwanja. Mwenye kiwanja akikosa kulipa kwa miaka 15, kisha akauza na kuhamia Kitale, deni halipandi basi pamoja naye. Linabaki pale pale kwenye kiwanja, likimsubiri mwenyeji mpya.

Kuna kodi mbili za kila mwaka ambazo wananchi huzichanganya, na lugha yetu imechangia mkanganyiko huo kwa kuziita zote "kodi ya ardhi". Ya kwanza ni ile ambayo watu wa mijini wanaiita reti. Hii hutozwa na serikali ya kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza ada juu ya mali isiyohamishika, na tangu uchaguzi wa 2013 ndizo zilizorithi kazi hiyo kutoka kwa mabaraza ya miji na manispaa ya zamani. Ya pili ni kodi ya pango la ardhi, ambayo hulipwa serikali kuu na yule anayemiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi, kwa kawaida wa miaka 99. Mwenye hatimiliki isiyo na kikomo cha muda halipi pango, lakini hilo halimwondolei reti iwapo kiwanja chake kimo ndani ya eneo linalotozwa. Kwa hivyo mwenye nyumba jijini Nairobi aliye na mkataba wa miaka 99 ana wadai wawili, City Hall na Wizara ya Ardhi, na risiti ya mmoja haimridhishi mwingine.

Reti hukadiriwa kwa kufuata orodha ya thamani, yaani daftari ambalo kila kiwanja kimeandikwa pamoja na thamani yake. Nairobi ilitumia orodha ya mwaka wa 1980 kwa takriban miongo minne. Katika muda huo mitaa iliyokuwa mashamba ya mahindi iligeuka kuwa misitu ya magorofa, ilhali daftari liliendelea kuitambua kama mashamba. Mnunuzi anafaa kulikumbuka jambo hili. Muuzaji anapokuonyesha risiti ya mwaka jana yenye kiasi kidogo, inakuambia kilicholipwa jana tu. Kaunti ikipitisha orodha mpya, kiasi hicho huenda kikapanda ghafla, na pengine kikazidi alichokiwekea akiba mstaafu aliyenunua nyumba ya kupumzikia. Bunge limepitisha Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024, ambayo imechukua nafasi ya sheria kuukuu zilizotawala uthamini na utozaji wa reti. Yafaa basi kuulizia katika makao makuu ya kaunti husika ni orodha ya mwaka gani inayotumika na kama kuna nyingine inayoandaliwa.

Madeni ya reti hukua upesi kwa sababu ya riba na faini. Kaunti nyingi hutangaza msamaha wa faini mara kwa mara ili kuwavutia wadaiwa walipe deni la msingi. Mwandishi wa makala haya haoni haki katika mtindo huo, kwani anayelipa kila Januari haambulii hata ahsante huku aliyekwepa kwa miaka kumi akifutiwa faini. Hata hivyo, ikiwa msamaha upo wakati mnapofanya mauzo, mwambie muuzaji autumie.

Hatari kubwa zaidi iko katika viwanja vilivyokatwa kutoka shamba moja kubwa. Kampuni hununua ekari 20, huzigawa na kuwauzia watu vipande vya hamsini kwa mia, na wanunuzi hupewa risiti ya kampuni na ahadi ya hatimiliki. Kumbe akaunti ya reti bado iko kwa jina la mwenye shamba wa kwanza, na deni ni la shamba zima. Kaunti haitakubali kulipwa kipande kwa kipande kabla ya shamba hilo kugawanywa rasmi. Aliyekamilisha malipo yake yote hujikuta akingoja hati kwa miaka kwa sababu ya deni ambalo hakulifanya na ambalo hawezi kulilipa peke yake. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikilia kiwanja cha aina hii, omba taarifa ya akaunti ya hati mama.

Dawa ya madeni haya ni vyeti viwili: cheti cha kaunti kinachothibitisha kwamba reti zimelipwa, na cheti cha Wizara ya Ardhi kinachothibitisha kwamba pango limelipwa. Katika mauzo ya kawaida, mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei anapotia saini mkataba na salio hulipwa wakati wa kukamilisha, aghalabu baada ya siku 90. Vyeti hivi huwa miongoni mwa stakabadhi ambazo wakili wa muuzaji anatakiwa kuzikabidhi kabla ya salio kulipwa. Usikubali kunong'onezwa kwamba "vitakuja baadaye". Muuzaji asiye na pesa za kulipia deni anaweza kukubaliana nawe kwamba sehemu ya bei ipelekwe moja kwa moja kwa kaunti, mradi liandikwe katika mkataba na malipo yapitie kwa mawakili. Aidha, mkataba ueleze jinsi reti ya mwaka unaoendelea itakavyogawanywa. Ikiwa nyumba inabadilisha mikono mwisho wa Juni na muuzaji alilipa mwaka mzima, ni haki mnunuzi amrejeshee nusu.

Ushuru wa stempu ni mzigo wa mnunuzi. Kiwango ni asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo katika miji na manispaa, na asilimia 2 kwa mali ya mashambani. Neno la kuzingatia ni "thamani", kwa sababu si lazima iwe sawa na bei mliyoandikiana. Mthamini wa serikali hufanya makadirio yake. Mkiwa mmepatana nyumba kwa Sh8 milioni, umeweka kando Sh320,000. Mthamini akisema nyumba ni ya Sh9 milioni, utadaiwa Sh360,000, na hizo Sh40,000 za ziada zitakuja wakati mfuko umekwisha kukauka. Wapo wanaoshauriana na muuzaji kuandika bei ya chini ili kuukwepa ushuru huu. Mbali na kuwa kosa kisheria, hila hiyo humgeuka mnunuzi siku atakapouza, kama tutakavyoona hivi punde.

Ushuru huo unafaa kulipwa katika siku 30 tangu hati ya uhamisho kutiwa saini, la sivyo faini huanza. Anayenunua kwa mkopo wa benki hulipa pia asilimia 0.1 ya mkopo huo ili rehani isajiliwe. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru wa stempu, nafuu iliyoletwa mwaka wa 2018. Wengi hudhani nafuu hiyo ni ya kila mnunuzi wa mara ya kwanza. Sivyo, ni ya nyumba zilizo chini ya mpango huo pekee.

Tukimgeukia muuzaji, kodi inayomhusu ni ile ya faida inayotokana na kuuza mali. Kodi hii ilisimamishwa mwaka wa 1985 na vizazi viwili vya Wakenya vikauza ardhi bila kuijua. Ilirejeshwa Januari 1, 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na kuanzia Januari 1, 2023 ikapandishwa hadi asilimia 15. Hutozwa faida wala si bei yote, na hapa ndipo risiti zilizotupwa zinapomtoa mtu machozi.

Tuchukue mfano. Muuzaji alinunua nyumba ndogo kwa Sh4 milioni, akalipa Sh240,000 za ushuru wa stempu na wakili, kisha akaongeza vyumba na ukuta kwa Sh3 milioni. Sasa anauza kwa Sh12 milioni, na dalali na wakili wanamgharimu Sh400,000. Akiwa na risiti zote, atatoa Sh7.64 milioni kwenye bei na kubaki na faida ya Sh4.36 milioni, ambayo kodi yake ni Sh654,000. Akiwa hana ushahidi wa ujenzi, Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru, KRA, itaihesabu faida yake kuwa Sh7.36 milioni na kumdai Sh1,104,000. Amepoteza Sh450,000 kwa kukosa karatasi za saruji na mabati. Yule naye aliyeandika bei ya chini aliponunua atakuta kwamba faida yake kwenye vitabu imevimba kwa kiasi kile kile alichokificha.

Sheria ina misamaha yake. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza haitozwi. Vivyo hivyo ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi Sh3 milioni, na shamba la kilimo lisilofika ekari 50 lililo nje ya miji. Lakini yasome vizuri maneno hayo, "mfululizo" na "kabla ya kuiuza". Mkenya aliyejenga nyumba Mtwapa, akaishi humo miaka kumi, kisha akaenda kufanya kazi Doha na kuipangisha kwa miaka miwili, hawezi kudai msamaha huo kwa kuwa nyumba ilikuwa yake ya kuishi hapo awali. Hata anayestahili msamaha anafaa kuwasilisha maelezo yake kwa KRA kupitia mtandao wa iTax.

Baadhi ya wauzaji huingiza kifungu katika mkataba kinachosema kwamba mnunuzi atalipa "kodi na ada zote za uhamisho". Maneno hayo yakipita bila kuhojiwa, mnunuzi anaweza kujikuta akibebeshwa kodi ya faida ambayo hakuipata, ingawa mbele ya KRA mwenye deni ni muuzaji. Mtake wakili wako ataje kila kodi kwa jina lake na nani atailipa.

Anayenunua nyumba katika gorofa ana jambo jingine la kuuliza, nalo halimo katika ofisi yoyote ya serikali. Mbali na ada ya kila mwezi ya walinzi, usafi na takataka, wamiliki wa gorofa huweza kuamua mkutanoni kuchanga fedha maalumu za kuchimba kisima, kubadilisha lifti au kupaka jengo zima rangi. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, shirika la wamiliki lina uwezo wa kutoza michango na kuidai. Muuzaji ajuaye kwamba mwezi ujao kila nyumba itatakiwa kutoa Sh150,000 za lifti ana kila sababu ya kuharakisha mauzo. Omba barua kutoka kwa shirika hilo ikionyesha michango inayodaiwa, na uombe pia kumbukumbu za mikutano ya karibuni. Mlinzi wa langoni naye huwa na habari nyingi kuliko dalali.

Baada ya usajili kukamilika na hati mpya kutoka, wengi huifungia kabatini na kusherehekea. Kazi moja huwa imesalia. Ofisi ya ardhi hubadilisha jina katika sajili yake, lakini daftari la reti la kaunti huenda likabaki na jina la mwenye nyumba wa zamani, hivyo bili na onyo zitatumwa kwa anwani yake. Chukua nakala ya hati na kitambulisho uende kaunti, ukaombe akaunti iandikwe jina lako na nambari yako ya simu, kisha udai taarifa mpya inayoonyesha kwamba salio la deni ni sufuri.