Meno ya skrubu: jambo dogo linaloamua maji ya robine na kazi ya fundi

Siku hizi kuna mafundi wanaojiundia wenyewe mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Wanatafuta mota, vyuma na waya, kisha wanafika kwenye swali moja: skrubu itakayosukuma mashine iwe na meno gani? Swali hilo ni la zaidi ya miaka 200, na linagusa hata mama anayesubiri maji kwenye foleni ya bidoni.

Skrubu, au visi kama wengi wa kwetu tunavyosema, ina mistari inayoizunguka. Hayo ndiyo meno. Ukizungusha nati mara moja, inasogea kadiri ya nafasi kati ya jino na jino. Meno ya skrubu yasipolingana na ya nati, kazi imekufa.

Zamani kila fundi alichonga meno yake. Bolti iliyotoka kwa fundi huyu haikuingia kwenye nati ya jirani yake. Karibu na mwaka 1800, huko London, Henry Maudslay aliunda mashine ya kukerezea ambayo ndani yake kulikuwa na skrubu ndefu iliyochongwa kwa uangalifu sana. Skrubu hiyo ilisukuma kisu kwa mwendo ulio sawa, kisha kisu kikachonga skrubu nyingine zinazofanana. Mashine za leo za kompyuta zinafuata njia ileile, ila mkono wa mtu umebadilishwa na mota.

Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay, alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi za Uingereza akazilinganisha. Mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja kwa wote: meno yenye pembe ya digrii 55. Marekani ikaenda njia yake. Mwaka 1864, mjini Philadelphia, William Sellers alipendekeza digrii 60, akisema meno hayo ni rahisi zaidi kuchonga. Mwaka 1898, mjini Zurich, nchi za bara la Ulaya zilikubaliana juu ya meno yanayopimwa kwa milimita. Sisi Wakongo tulirithi milimita kupitia Wabelgiji.

Hasara ya kutokubaliana ilionekana Baltimore, Marekani, tarehe 7 Februari 1904. Moto ulipozidi nguvu, wazima moto walikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na New York. Watu walikuwepo na maji yalikuwepo, lakini viungio vya mipira ya wageni wengi havikushika kwenye mabomba ya Baltimore, kwa sababu kila mji ulikuwa na meno yake. Moto uliwaka zaidi ya saa 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500.

Vita ya pili ya dunia ikaleta somo lilelile. Waingereza na Wamarekani walikuwa upande mmoja, lakini bolti zao hazikuingiliana. Mwaka 1948 nchi hizo mbili pamoja na Kanada zilitia saini kipimo kimoja. Shirika la kimataifa la vipimo, ISO, lililoanza kazi mwaka 1947, kamati yake namba 1 ni ya meno ya skrubu.

Hata hivyo, vipimo vya zamani havijafa. Mabomba ya maji katika sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya bado yanatumia meno ya digrii 55 ya Whitworth, ndiyo maana mafundi wa maji wanaendelea kuhesabu kwa inchi. Mabomba ya Kimarekani yana digrii 60. Kwa mabomba ya nusu inchi na robo tatu, yote mawili yana meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo robine inaanza kushika vizuri na kumdanganya fundi. Halafu inavuja. Kambini, ambako kila bidoni ina mwenyewe anayeisubiri, maji hayo yanayopotea ni chakula ambacho hakijapikwa.

Turudi kwa fundi wetu wa mbao. Skrubu rahisi kupatikana ni fimbo ya milimita 8 yenye meno ya kawaida. Mzunguko mmoja unasogeza kisu milimita 1.25. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko inampa usahihi mkubwa, lakini mwendo ni wa polepole, na meno hayo yaliumbwa kwa kukaza, si kwa kusukuma. Yanakula nati haraka, na mchezo unaanza.

Ajihadhari pia na fimbo ya inchi 5 kwa 16. Unene wake ni milimita 7.94, na jicho halioni tofauti. Lakini mzunguko mmoja unasogeza milimita 1.41. Kompyuta ikiamriwa kukata ubao wa sentimita 50 ikidhani ni fimbo ya milimita 8, ubao utatoka na sentimita 56 na zaidi. Dawa ni kupima meno 10 kwa rula: yakichukua milimita 12.5 ni sawa, yakikaribia 14 ni ya inchi.

Bora zaidi ni skrubu ya meno mapana yenye pembe ya digrii 30, iliyotengenezwa kwa ajili ya kusukuma. Ipo inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, na ipo ya milimita 2. Ya 8 ina mbio na inafaa kwenda kushoto na kulia. Kwa kupanda na kushuka, afadhali ya 2: umeme ukikatika, uzito wa kisu unaweza kuizungusha ile ya 8 yenyewe, kisu kikaangukia ubao.

Na kabla ya kulipa, fundi aulize sokoni kama nati ya skrubu hiyo itapatikana tena mwakani. Skrubu nzuri isiyo na nati ni kama mpira wa wazima moto wa Baltimore.