Ujiji Kabla ya Mwembe

Kijana aliyetutembeza Ujiji hakudai hata shilingi. Tulikuwa watu saba: mwalimu mstaafu na mkewe kutoka Dodoma, wanafunzi watatu wa chuo, mama mmoja mzaliwa wa Mwanga, na mimi. Tuliteremka kwenye daladala, tukafuata barabara yenye miembe, tukaingia Makumbusho ya Dkt. Livingstone, kisha tukashuka kwa uchochoro hadi ufukweni, dagaa wanapoanikwa mchangani. Yalikuwa matembezi ya saa mbili na nusu. Mwalimu alipomuuliza mbona hatozi kitu, alijibu kwamba mgeni akikaribishwa sebuleni halipi kiingilio. Jibu hilo nililipenda, na yote nitakayoyasema hapa nayasema kwa kumheshimu.

Chini ya mwembe wa makumbusho alitoa madai mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kwamba Ujiji ilijengwa na Waarabu. La pili, kwamba miembe ya mji huu iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa njiani. Madai haya husemwa kila siku, na si na vijana wa matembezi peke yao. Nimeyasikia kwenye hotuba, nimeyasoma kwenye vipeperushi. Dai la pili nitalirudia taratibu, kwa sababu ndani yake mna jambo. La kwanza ni kosa, na ni kosa linaloufunika mji mzima.

Habari ya Stanley na Livingstone msomaji anaijua tangu shule ya msingi. Niseme tu kwamba hata yenyewe haijatulia. Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871, ilhali daftari la daktari linauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Daktari alikuwa amepotewa na hesabu ya siku, na Stanley naye alikuwa ametoka kwenye homa iliyomlaza njiani. Yale maneno mashuhuri ya salamu hayamo katika maandishi ya Livingstone, na katika daftari la Stanley kurasa za siku hiyo zimechanwa. Kuna pia wanaosema kwamba walikutana Mugere, kusini ya Bujumbura, kwa kuwa pale pana jiwe lenye majina yao. Jiwe lenyewe linataja tarehe 25 Novemba 1871. Ni kumbukumbu ya mahali walipolala walipokuwa wanakwenda pamoja kuutazama mto Rusizi, basi. Hilo halina haja ya mjadala.

Mjadala wenye maana unaanza miaka 13 kabla ya salamu hiyo. Februari 1858 wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, waliingia Ujiji, wakiongozwa na watu wa pwani na wa bara, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwao. Burton alikuwa mtu wa kudharau karibu kila alichokiona, lakini alikuwa na jicho na aliandika sana. Ni yeye anayesema kwamba Waarabu walifika Ujiji kwa mara ya kwanza mnamo 1840, na kwamba hata wakati wake walikuwa wanakuja kwa msimu, miezi ya kiangazi, kisha wanarudi Unyanyembe, karibu na Tabora. Watu wanaokuja kwa miezi mitano na kuondoka, tena kwa muda usiozidi miaka 18, wamejengaje mji? Walikuta soko, mitumbwi, mawese, samaki wa kukaushwa, na wenyeji waliojua bei ya kila kitu.

Burton alifikia sehemu iliyoitwa Kawele. Mwenye amri pale hakuwa Mwarabu wala Mswahili wa pwani. Aliitwa Kannena, mkuu wa Wajiji, ambao ni tawi la Waha, na juu yake alikuwapo mwami, yaani mfalme. Burton alipotaka kwenda kaskazini ya ziwa ilimbidi akae chini na Kannena wapatane, na akalipa: nguo, shanga, na vitindi vya waya wa shaba. Analalamika kurasa nyingi juu ya bei hiyo. Mimi nikizisoma naona mtu anayeijua thamani ya mitumbwi yake, ya wapiga makasia wake, na ya ujuzi wa ziwa linaloweza kuchafuka katika saa moja. Aprili 1858 walipanda mitumbwi miwili wakafika Uvira. Huko Burton akaambiwa na wenyeji kwamba Rusizi hautoki ziwani, bali unaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kulithibitisha jambo hilohilo kwa mtumbwi walioazimwa na Sayyid bin Majid, na vitabu vikaliita ugunduzi.

Kwa hiyo mtembeza wageni wa kwanza wa Ujiji tunayemjua kwa jina ni Kannena. Katika saa mbili na nusu hakutajwa hata mara moja.

Kuna ukurasa ambao ningependa usomwe kwa sauti katika kila matembezi ya Ujiji. Haumo katika kitabu cha Stanley cha 1872, kile cha kumtafuta daktari. Umo katika kitabu chake cha 1878, alichoandika baada ya kurudi hapa Mei 1876 na kulizunguka ziwa lote kwa mashua yake. Livingstone alikwisha kufa miaka mitatu nyuma, hapakuwa na wa kumtafuta wala wa kumsalimia, na labda ndiyo maana safari hii Stanley aliutazama mji. Anaeleza kwamba una sehemu mbili: Ugoy walikokaa Waarabu, na Kawele ya waungwana, watumwa na wenyeji. Kisha anaandika orodha ya bei za sokoni.

Orodha hiyo wengi huiruka. Mimi nimeirudia mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa salamu. Bei zinahesabiwa kwa nguo. Wamo mbuzi, kondoo, kuku, ng'ombe, mahindi, asali, pembe za ndovu. Halafu, katika safu ileile, bila mstari wa kutenganisha, wamo watu: mvulana wa umri kadha, msichana wa umri kadha, mwanamke, mwanamume. Msichana anauzwa kwa nguo nyingi kuliko mwanamume mzima. Hapo ndipo mtu anapaswa kusimama. Mama wa Mwanga nilipomsimulia habari hii tukiwa njiani alinyamaza hatua nyingi, kisha akauliza, "Na kuku yumo humo humo?" Nikamwambia yumo. Hakuuliza tena.

Soko lile lilikuwa na fedha yake. Verney Lovett Cameron, aliyepita hapa Februari 1874, anaeleza shanga zilizoitwa sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliokuwa wanabadilisha fedha: asubuhi unatoa nguo upate sofi, unanunua na kuuza kutwa nzima, soko likivunjika unarudisha sofi. Muuza mawese wa Ujiji, mwenye chumvi kutoka chemchemi za Uvinza, Mrundi mwenye bidhaa zake na Mvira aliyevuka maji waliweza kufanya biashara bila kujuana, kwa sababu wote waliijua sofi. Mji wenye fedha yake na wabadilishaji wake si kituo cha kupumzikia misafara. Nani alianzisha mpango huo, na uliendeshwa kwa lugha gani? Ukilifuata swali hili utaikuta historia ya Kiswahili cha ziwani, kilichovuka hadi Manyema na kurudi, kikawa lugha ya nyumbani kwa watu ambao babu zao hawakuiona bahari.

Hapa ndipo ninapotaka jina la pili litajwe: Mwinyi Kheri. Alikuwa mtu wa Mrima, yaani pwani ya bara, akahamia Ujiji, akaoa kwa Wajiji, akawa mkubwa wa wafanyabiashara wa ziwa. Mkono wake ulifika Uvira. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikubali kupandisha bendera ya Sayyid Barghash wa Unguja, na alikufa mwaka 1885. Wamishenari wa London walioingia mwaka 1878, na Mapadri Weupe waliofuata mwaka 1879, walilazimika kupiga hodi kwake. Wanahistoria wa zamani walimtia katika kundi la "Waarabu", kwa uvivu wa kusoma. Mwinyi si jina la Muscat. Simtetei: alitajirika kwa pembe na kwa watu. Lakini tukimwita Mwarabu tunajipa raha ya kudhani kwamba biashara ile ilifanywa na wageni tu, na kwamba sisi tulikuwa upande wa minyororo peke yake. Ndoa za Ujiji, majina ya Ujiji na Kiswahili cha Ujiji havikubaliani na raha hiyo. Baada yake alitawala Rumaliza, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, na huyo alikuwa Mwarabu kweli. Mfuatano huo wa watu wawili umewachanganya wengi.

Tulipotoka makumbusho kijana alitusimamisha. "Daktari alikuwa anaona ziwa kutoka hapa," alisema. Mwanafunzi mmoja akatazama mbele, akaona mapaa na migomba, akauliza ziwa limekwenda wapi. Kijana akasema mchanga umejaa. Hiyo ni sehemu ya jibu, na nafurahi kwamba sehemu iliyobaki imeandikwa vizuri. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na matete. Cameron aliukuta mwaka 1874 maji yakipita kwa shida, na Stanley mwaka 1876 akaukuta umefungwa. Maji yakazidi kupanda. Mnamo 1878 kizuizi kikavunjika, na Edward Coode Hore, mmishenari aliyekuwa baharia kabla ya kuja Ujiji, alipofika Lukuga mwaka 1879 alikuta mto unakwenda kwa nguvu. Katika miaka 15 hivi ziwa lilishuka kiasi cha mita 10.

Mita 10 kwenda chini, katika pwani yenye mteremko mdogo kama ya Ujiji, ni ardhi pana sana. Uchochoro tulioufuata kutoka makumbusho, vibanda vya mafundi wa boti, uwanja wa kuanikia dagaa: sehemu kubwa ya ufukwe huu ilikuwa chini ya maji siku Kannena alipokuwa anapatana bei na siku Susi, mtumishi wa Livingstone, alipokimbia kumwambia daktari kwamba mzungu anakuja. Wengi wetu hutembea hapa tukidhani tunakanyaga nyayo zao. Nyayo zao ziko juu, kwenye mitaa.

Sasa miembe. Embe ni tunda la Asia lililokuja kwa Bahari ya Hindi, likapanda bara kutoka pwani. Mateka walikwenda upande wa pili: walitolewa ng'ambo ya ziwa, Manyema na kwingineko, wakapelekwa mashariki. Mtu anayetoka Manyema hafiki Ujiji na embe la Bagamoyo mkononi. Tena kokwa la embe halivumilii safari. Likikauka hufa katika majuma machache, na msafara haukuwa wa majuma: Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika hapa Novemba. Basi embe lilipanda kituo kwa kituo. Lilipandwa mahali watu walipokaa, likazaa, likachukuliwa mbele. Liliwahitaji watu wenye makazi, wanaotarajia kula matunda miaka kadhaa baadaye. Waliopanda walikuwa wapagazi waliohamia, waungwana, wanawake wa mji.

Hata hivyo sitaki kuwanyang'anya wazee simulizi lao. Watumwa wengi hawakupita Ujiji tu, walibaki hapa. Walilima mashamba ya mji, walipiga makasia, walizaa. Mikono iliyofukia kokwa nyingi ilikuwa yao, kwa amri ya bwana au kwa nia yao wenyewe. Anayesema miembe imetokana na watumwa amekosea njia, hakukosea mtu. Ningemwomba kijana abadilishe neno moja: badala ya "walitupa", aseme "walipanda". Ujiji imo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Neno hilo moja litakuwa na uzito siku faili hilo litakapofunguliwa tena.

Enzi ya misafara ilipokwisha mji ulipungua. Februari 1914 reli ya Wajerumani ilifika Kigoma, si Ujiji, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina na imejikinga, na meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo ni Liemba, iliunganishwa hukohuko. Mwisho wa reli ukawa kilomita chache kutoka mwisho wa misafara.

Ufukweni kijana alikuwa amemaliza maelezo yake na sisi tulikuwa tumekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa. Nilimweleza habari za Lukuga. Alisimama, akaligeuzia ziwa mgongo, akatazama juu kuelekea makumbusho kwa muda mrefu, kama anayepima kwa macho. "Kwa hiyo mzee, hapa tulipo ni majini?" Nikamwambia ni majini kabisa. Mama wa Mwanga akasema maji haya mbona yameanza kurudi, akaonyesha alama ukutani mwa kibanda, mahali yalipofika miaka ya karibuni. Kijana akatoa simu akaniomba nimtajie herufi za jina la Kannena, moja moja. Aliandika, akasoma kwa sauti, akauliza kama ni n mbili. Ni mbili, nilimwambia. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanageuza dagaa, na mwalimu alikwisha kuulizia mgebuka.